Babu wa Maabara

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, watu wa maabara ile walimjulia hali Babu. Babu hakuwa mtu. Alikuwa bakteria, Salmonella mwenye nasaba inayojulikana mpaka kitovuni, aliyehifadhiwa kwenye jokofu la barafu kali tangu enzi za waliokwisha kustaafu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuoteshwa upya kila siku kwenye sahani zilezile zitakazooteshewa sampuli za wananchi, ili ionekane kama chakula cha vijidudu kilichomo kwenye sahani hizo kinafaa. Babu akiota, sahani ni nzima na majibu yanaaminika. Babu akigoma, sahani zote zinatupwa. Kwa hiyo salamu ya mlangoni ilikuwa "Babu kaamkaje?" na aliyetangulia kuingia alijibu kwamba kaamka, anawasalimu, anauliza kama maji yametoka bombani.

Na kulikuwa na kanuni, imebandikwa ukutani juu ya meza ya kazi kwa herufi nene: BABU HULA MWISHO. Nyumbani mzee hutengewa kwanza, tena minofu. Pale ilikuwa kinyume. Sampuli zote zimalizwe, zifungwe, ziingie kwenye kabati la joto, meza ifutwe, ndipo Babu atolewe apewe chake. Maana Babu alikuwa mzima na nguvu zake, na tone lake moja likidondoka pasipo pake, lingeweza kumbambikia mtu ugonjwa asiokuwa nao.

Aliyeiandika kanuni hiyo kwa mkono wake ni Mama Pacha, mtaalamu mkongwe kuliko wote mle ndani. Jina hilo alilipata kwa mabinti zake wawili waliofanana hivi kwamba baba yao, kwa kukwepa lawama, aliwaita wote "wewe". Mama mtu hakuwahi kuwakosea hata wakiwa wamelala wamejifunika mpaka shingoni. Macho yake yalikuwa ya kazi hiyo: kuona wapi wanaofanana wanaachana.

Alikuwa na kasoro moja, na aliyeijua vizuri ni wifi yake. Mama Pacha hakuweza kuingia jikoni kwa mtu bila kuuliza. Kisu hiki kimekatia nyama, sasa kinakatia nyanya? Kitambaa hiki cha kufutia sahani kimechemshwa lini? Na swali lake kuu, lililomtoka hata kwenye msiba: "Umenawa?" Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mpishi wa watu wengi na mwenye mwili na sauti ya kazi hiyo, alikuwa akisema mbele ya ukoo mzima kwamba mdogo wake alitafuta mke akapata mkaguzi. Wakicheka, wote wanacheka. Lakini utani wa mawifi una mfupa ndani, na mfupa huo kila mmoja alikuwa ameshaung'ata.

Wifi alikuwa na jiko lake kwenye karakana ya kuunda mabodi ya mabasi. Banda la mabati, meza ndefu za mbao, sufuria ambazo mtoto angeweza kuogea. Mafundi wa rangi, wa kuchomelea, wa viti, wote walilelewa na jiko lile. Wengine walianza kula pale wakiwa vibarua na sasa walikuwa wasimamizi wenye vitambi vyao. Hakuna meneja aliyelijenga. Alilijenga yeye, bati kwa bati, na kila meneja mpya alilikuta na kuliita "letu".

Sasa uongozi wa karakana uliamua kuwapongeza mafundi kwa kumaliza msimu bila ajali. Ukaona sufuria za Wifi haziendani na hadhi ya hafla. Ukaagiza maboksi kutoka kampuni kubwa ya vyakula, yenye magari yaliyochorwa matunda ubavuni: kipande cha kuku, mkate, na saladi ya viazi iliyokorogwa na mayai. Wifi na wasaidizi wake waliambiwa kazi yao ni kugawa tu. Lakini kwa kuwa aliwajua watu wake, na alijua wapo wasioweza kula cha baridi, akabandika na sufuria moja ya mchuzi wa nyama. Wageni wakahutubia, watu wakala, wakapiga picha chini ya bango la usalama kazini.

Kesho yake zamu nzima ya kuchomelea ilihamia chooni. Waliobaki na nguvu waliwabeba wasio nazo mpaka hospitali, na wodi ya wanaume ikajaa mafundi wenye dripu, mmoja wao mzee wa rangi aliyekuwa amelegea hata jina lake analitaja kwa shida.

Bwana Afya alifika karakana na kisanduku cha barafu. Alikuwa kijana mwepesi wa miguu na wa maneno, mwenye kupenda kipaza sauti. Alichukua mchuzi kutoka sufuria ya Wifi, uliobaki jana na sasa ukipashwa moto. Alichukua saladi kutoka kwenye boksi moja ambalo karani wa meneja alilihifadhi kwenye friji ya ofisi akapate kumpelekea mumewe. Mume huyo alikuwa na bahati asiyoijua. Kutoka wodini alichukua haja kubwa ya wagonjwa. Vyote akavifikisha maabara.

Mkuu wa maabara, Daktari Subiri, aliitwa hivyo kwa sababu hakuna jambo aliloambiwa akalijibu kwa neno jingine kwanza. Mtu mwema, mwoga wa karatasi za wakubwa. Alimvuta Mama Pacha pembeni akamuuliza kama haoni vibaya kupima mchuzi wa wifi yake. Mama Pacha akamuuliza ampe nani, kwani mwenzake alikuwa likizo ya uzazi na waliobaki walikuwa wapimaji wa damu na mkojo. Akasema ataifanya kazi ile kwa namna ambayo hata adui hatapata pa kushika.

Na kweli alikusudia hivyo. Siku ile ilikuwa imefunguliwa kopo jipya la unga wa kuoteshea, na Mama Pacha alilitilia shaka kama anavyotilia shaka kila kitu. Aliwaza: nikiotesha mchuzi wa wifi kwenye sahani mbovu, hautaota kitu, na watu watasema nimemficha. Hapana. Sahani zianze kupimwa kwa Babu mbele ya macho ya wote kabla sampuli haijaguswa. Basi akamtoa Babu mapema. Akafungua chupa mpya ya maji ya kuchanganyia, akamchanganya, akampaka kwenye sahani, akamweka kwenye joto. Akafuta meza. Akabadili glavu. Akanawa mpaka kwenye viwiko. Kisha, kwa kule kujikaza atende haki, sampuli ya kwanza kuishika ikawa mchuzi wa wifi yake.

Kanuni ilikuwa pale ukutani, usawa wa uso wake. Hakuiona. Mtu haoni bango aliloandika mwenyewe.

Majibu ya mwanzo yalipotoka, siku mbili baadaye, yalikuwa ya namna moja. Wagonjwa: Salmonella. Saladi: Salmonella. Mchuzi: Salmonella. Mama Pacha aliiangalia ile sahani ya mchuzi, vidoa vyeusi vinang'aa kama macho ya samaki, akavuta kiti akakaa.

Bwana Afya hakukaa. Kwake hesabu ilikuwa imekamilika: jiko lina mdudu, mikono ya jikoni ndiyo iliyogawa maboksi, basi mdudu alitoka jikoni akaingia kwenye maboksi. Kampuni yenye magari ya matunda ikapona hapo hapo, kabla hata ya kuulizwa. Mama Pacha alimwambia kwamba Salmonella ni jina la ukoo tu. Ukisikia aliyeiba ni wa ukoo fulani, humkamati kila mwenye jina lile; unatafuta ni nani hasa, mtoto wa nani, alilala wapi. Bwana Afya akasema hayo ni mambo ya vitabuni, watu wanaumwa. Adhuhuri alikuwa getini kwa karakana na kipaza sauti, akitangaza kwamba jiko limefungwa kwa kukutwa na vijidudu, na akabandika karatasi yenye muhuri mlangoni. Kabla gundi haijakauka, meneja alishaalika ile kampuni ya maboksi ije iangalie banda, maana mafundi lazima wale, na wiki iliyofuata angeweza kutia saini nao.

Mimi sijui kwa nini huwa hivi, ila huwa hivi: watu wakiharisha, anayetazamwa kwanza ni yule ambaye jiko lake halina mlango wa kioo.

Jioni Mama Pacha alikwenda kwa wifi yake. Alikuta sufuria zote zimeletwa nyumbani, zimepangwa uani kifudifudi kama watu waliochoka. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda, hana kazi mikononi, na hilo ndilo lililomtisha Mama Pacha kuliko kama angemkuta analia. Aliandaliwa kiti. Chai haikuletwa. Kwa muda walizungumzia miguu ya mzee nyumbani na mvua.

"Niambie wewe mwenye macho," Wifi akasema mwishoni. "Ni mimi?"

Mama Pacha akasema mchuzi umeota mdudu, hawezi kumdanganya.

"Ule mchuzi ulichemka siku ya hafla, wifi. Kesho yake yule kijana kaja nauchemsha tena, kauchota unatokota, kaungua kidole akakirambaramba mbele yangu. Sasa huyo mdudu wako alikuwa amevaa nini, koti la chuma?"

Mama Pacha alianza kutaja upawa mchafu na mikono, neno lile la kutokota likamrudia. Mchuzi unaotokota hauna Salmonella hai. Hilo analijua anayeanza kazi. Yeye alilijua tangu ujana, na mchana kutwa alikuwa amelipita kama mtu anayepita nyumba yake mwenyewe gizani, kwa sababu, na hapa alijionea haya, moyoni alikuwa ameamini upesi. Alikuwa ameisubiri sahani ile miaka. Umenawa? Umenawa? Na hatimaye sahani imejibu: hakunawa.

Njiani kurudi kwake aliwakumbuka akina mama wa uji. Alikuwa mwanafunzi wa maabara wakati ule. Wodi ya watoto iliharisha, na wakubwa wa siku hizo walitazama nje ya dirisha wakaona wanawake wauza uji langoni. Walifukuzwa kwa kipaza sauti, uji ukamwagwa mtaroni, sufuria zikakanyagwa na viatu vya askari. Baadaye ikajulikana kwamba bomba la maji la hospitali yenyewe lilikuwa limepasuka, likawa linanyonya maji ya choo. Bomba likazibwa kimya kimya. Wale waliofukuzwa kwa kipaza sauti hawakurudishwa hata kwa mnong'ono. Mmoja wao Mama Pacha alimkuta, muda mrefu baadaye, anaponda kokoto kando ya barabara. Mama yule akamwita "binti yangu" na kumuuliza kama wale watoto walipona. Mama Pacha alimjibu kwamba walipona. Hakumwambia habari ya bomba. Siku zote alijiambia kwamba hakuwa na cheo cha kusema.

Asubuhi aliingia kwa Daktari Subiri kabla hajavua koti la baridi, akamwomba mashine.

Hii mashine ina kisa chake. Ilikuwa imeletwa tangu msimu uliopita, kwa ajili ya kazi hii hii ya kutambua nasaba za vijidudu. Kwa njia ya zamani, sampuli hufungashwa kwenda maabara kuu, mbali, zikakae foleni, na majibu yakirudi mgonjwa ameshapona au ameshazikwa, na aliyelaumiwa ameshasahaulika. Kwa mashine ile unachukua vijidudu kiasi cha kichwa cha sindano, unavipasua, unatoa vinasaba vyake. Mashine inazidisha vipande vya vinasaba hivyo mpaka viwe vingi vya kutosha kuonekana, kisha inavikimbiza kwenye kijia chembamba. Vifupi vinatangulia, virefu vinachelewa. Mwisho kwenye skrini kunabaki safu ya mistari myeusi, na kila nasaba ina mistari yake, kama alama za vidole. Unaanza asubuhi, jioni hujamaliza chai ya pili, una jibu. Mama Pacha alifundishwa kuitumia, akapewa cheti, akafurahi.

Halafu mashine ikafunikwa kitambaa cha buluu, ikafungwa utepe mwekundu wenye ua, ikakaa. Ilikuwa inamngoja mgeni rasmi aje kuizindua. Mgeni rasmi alikuwa na shughuli. Alipopata nafasi, mvua ilinyesha. Mvua ilipokatika, alibadilishwa, na mpya naye akawa na shughuli. Vumbi lilikuwa limeanza kutua juu ya lile ua.

"Subiri kwanza," Daktari akasema. "Haijazinduliwa."

Mama Pacha akamweleza ya mchuzi unaotokota. Akamweleza kwamba wiki ijayo meneja anatia saini, na kwamba ikishatiwa, hata malaika wakileta majibu, lile jiko halirudi. Daktari akasema anaelewa, ila akiulizwa nani ameruhusu, atasema nini. Mama Pacha akamuuliza kwa upole mashine ile ilinunuliwa kwa ajili ya wagonjwa au kwa ajili ya mkasi.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikwenda kwenye mashine akaizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe. Kisha akainama, akashika pindo la kitambaa, akakiinua upande mmoja mpaka mlango mdogo wa kuingizia sampuli ukaonekana.

"Pitia hapa," akasema. "Utepe usikatwe."

Basi wakafanya kazi hivyo. Mama Pacha alitayarisha vinasaba asubuhi nzima, mwenyewe, polepole, akiwa amefunga redio. Wagonjwa watatu, saladi, mchuzi. Na kwa kuwa mashine haiaminiki mpaka ipewe kijidudu kinachojulikana ili kuipima, njia ya mwisho alimwekea Babu. Safari hii Babu alikula mwisho. Daktari alikuwa amepiga magoti, ameshikilia kitambaa kisidondokee feni, na ua jekundu limemkalia begani. Yule mgeni rasmi alikuja baadaye sana, wa tatu au wa nne katika waliotajwa. Akaukata utepe, akapigiwa makofi, akasema kuanzia leo. Mashine ilikuwa imeshachoka.

Alasiri mistari ikaanza kutokea kwenye skrini, safu moja moja.

Wagonjwa watatu: safu tatu zinazolingana mstari kwa mstari. Saladi: ileile, kama iliyopigwa muhuri mmoja nao. Ikaja ya mchuzi. Haikulingana. Mistari miwili ya juu haikuwepo, na chini kulikuwa na mmoja mnene ambao wagonjwa hawakuwa nao. Daktari akashusha pumzi, akasema imekwisha, wagonjwa wameumizwa na saladi ya maboksi, jiko halihusiki.

Kisha ikajitokeza safu ya mwisho, ya Babu.

Daktari bado alikuwa anaongea. Mama Pacha hakumsikia. Macho yaliyokuwa yakiwatofautisha mabinti zake gizani yalikuwa yamekwama kwenye mstari mmoja mnene, chini, kwenye safu ya Babu. Na mstari mmoja mnene, chini, kwenye safu ya mchuzi. Akapanda nao mmoja mmoja mpaka juu. Hapakuwa na pa kuachana.

Akageuka kuitazama meza ya kazi. Akaiona chupa. Meza alifuta, glavu alibadili, mikono alinawa, na ile chupa ya maji ya kuchanganyia, aliyomchanganyia Babu, aliifunga akaiacha pale pale karibu na taa ya moto, safi kwa macho, imejaa, inangoja. Ndiyo aliyochotea maji ya kuchanganyia mchuzi. Ilipofika zamu ya saladi alifungua nyingine kwa sababu ya kwanza ilikuwa imewekwa upande wa kushoto, mbali na mkono wake. Kwa sababu ndogo kama hiyo.

Aliinua macho, akaiona kanuni ukutani.

Daktari naye alikuwa ameona. Hakuwa mjinga, alikuwa mwoga tu, na hayo ni mambo mawili. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayemtakia mwenzake mema, kwamba wenye maboksi wamepatikana, na hilo ndilo swali walilokuwa wameulizwa. Ya mchuzi wanaweza kuandika tu kwamba ni nasaba nyingine, isiyohusika na ugonjwa. Ni kweli tupu. Hakuna uongo hata mmoja.

Mama Pacha aliupima ukweli huo. Ulikuwa mtamu, na ulimtosha yeye. Ila kwa Wifi ulimaanisha kwamba hakuwaumiza wale wa wodini, lakini sufuria yake ina Salmonella hata hivyo, Salmonella wake mwenyewe. Bwana Afya asingeiondoa ile karatasi. Nani anarudisha watu kwenye jiko lenye mdudu, hata kama ni mdudu mwingine? Kampuni ingeondoka kwa aibu, jiko lingebaki limefungwa, na Mama Pacha angeendelea kwenda pale uani kwenye sikukuu za ukoo na kuuliza: umenawa?

"Iandike, Daktari," akasema. "Mchuzi haukuwa na kitu. Aliyeota ni Babu, nimemtia mimi."

"Subiri kwanza."

"Tulisubiri na wale wa uji."

Daktari hakujua habari za uji. Alikuwa shuleni bado wakati ule. Lakini aliutazama uso wa Mama Pacha, akavuta kiti, akaandika. Alipomaliza alimwambia, bila kumwangalia, kwamba itabidi atoke kwenye meza ya sampuli mpaka apimwe upya kazi yake, kama anavyofanyiwa yeyote. Mama Pacha akasema ingekuwa yeye ndiye mkuu angeandika hivyo hivyo, tena kwa wino mzito.

Bwana Afya aliposoma ile karatasi alicheka kwanza, kisha akaacha, kisha akasema sawa, atakwenda kesho kuibandua ile ya mlangoni. Asubuhi na mapema, kabla ya watu. Mama Pacha akamwambia hapana. Alifunga mchana, mbele ya watu, afungue mchana. Na aje na kipaza sauti.

Mchana wa kesho yake mafundi waliopona walikuwa wamesimama getini na ovaroli zao, wakitafuna mikate mikavu kutoka dukani. Mzee wa rangi alikuwa ametoka wodini, amekalishwa kwenye kiti cha basi kisicho na basi. Meneja alisimama mlangoni kwa ofisi yake na simu sikioni, na inawezekana kabisa hakuwa anazungumza na mtu. Wifi alikuwa ameitwa. Alisimama mbali, amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyejiandaa kwa matusi.

Mama Pacha hakuwahi kushika kipaza sauti. Kilimpigia mluzi usoni. Alisema kwamba waliougua, waliugua kwa saladi ya maboksi, maabara imeona na imeandika. Alisema kwamba mchuzi wa jiko hili ulikuwa salama. Halafu akasema lililobaki, ambalo Bwana Afya alikuwa amemwomba alipitie haraka, na hakulipitia haraka: kwamba mdudu aliyekutwa kwenye mchuzi aliwekwa na mkono wa mpimaji, maabara, kwa kosa, na mpimaji huyo ni yeye. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama basi wao wamekula mikate mikavu siku zote hizi kwa ajili yake. Akajibu ndiyo. Wengine wakaguna. Mzee wa rangi akasema kwa sauti yake ya mgonjwa kwamba yeye angalau amesikia mkubwa akisema nimekosea kabla hajafa, na sasa anaomba mchuzi. Hapo ndipo watu walipocheka.

Bwana Afya aliibandua karatasi. Iling'ang'ania mlango, ikatoka kwa vipande.

Siku ya kwanza jiko kupika tena, Mama Pacha alikwenda. Hakuwa na sampuli za kupima wakati ule, na mumewe, ambaye kwa siku zote zile alikuwa akila kimya katikati ya mke na dada kama mgeni aliyekosea nyumba, ndiye aliyemwambia nenda tu. Alikuta moto umewaka, sufuria zimerudi mahali pake, mvuke umejaa mpaka kwenye mabati. Wifi alimwona. Aliendelea kukoroga. Mama Pacha alisimama mlangoni, pale kwenye alama ya gundi, akatafuta maneno, akasema amekuja kusaidia, kama kuna vitunguu.

Vitunguu vilikuwepo, karai zima. Wifi akamsogezea kigoda kwa mguu. Mama Pacha akainama kuchukua kisu.

Upawa ukamzuia, umenyooshwa kati yake na karai, unadondosha mchuzi wa moto. Wifi alikuwa anamtazama, na pembe moja ya mdomo wake ilikuwa inapigana isicheke.

"Nawa kwanza, wifi," akasema.